Tairi Lililojeruhiwa Ubavuni: Je, ni Kazi ya Dereva au ya Bodi?

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mabamba, Wilaya ya Kibondo)



Mlipopata barua ya kuwaita hapa, bila shaka wengi wenu mlidhani kwamba nimekuja kuzungumza juu ya leja, daftari la stoo na mizania ya mwaka. Mambo hayo tutayarudia siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya tairi.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kukagua hesabu. Hata hivyo, katika kazi hiyo nimejifunza kwamba hali ya matairi ya chama yaweza kusomeka katika faili la hati za malipo kabla hujalitazama gari lenyewe. Na nimejifunza pia, kwa namna iliyonihuzunisha, kwamba mtu aweza kuzisoma hati hizo zote na bado asielewe zinamwambia nini. Nitaanza na habari hiyo.

Yaliyotokea katika chama kimoja

Mwaka 2016 niliitwa kukagua hesabu za chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Chama hicho kilikuwa na lori moja la tani nne la kukusanyia mazao ya wanachama kutoka vijijini. Siku chache kabla ya mimi kufika, lori hilo lilipasuka tairi la mbele la kushoto likiwa linateremka mlima na shehena ya maharage. Dereva alishindwa kulidhibiti, likaanguka kwa ubavu mtaroni. Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, aliyekuwa amekaa juu ya magunia, alivunjika paja. Magunia yalilala mvuani usiku kucha.

Bodi ilikuwa imekwisha kumwachisha kazi dereva kwa uzembe. Mimi nilifungua faili. Nilikuta hati kumi na moja za kuziba pancha katika muda wa miezi mitatu, zote za gurudumu lile lile. Baada yake nikakuta hati ya kumlipa fundi kwa “kushona tairi”. Kisha nikafungua kitabu cha mihtasari. Humo katibu alikuwa ametoa taarifa kwamba tairi la mbele limechanika ubavuni na limeanza kuvimba, na Bodi ikaamua kwamba suala la matairi lisubiri mwisho wa msimu. Basi dereva alikuwa amekwisha kusema, na katibu alikuwa amekwisha kuandika. Aliyeamua kwamba tairi lile liendelee kubeba watu na mali hakuwa dereva.

Lakini, ndugu zangu, bado kulikuwa na karatasi moja. Ilikuwa ni taarifa yangu mwenyewe ya mwaka uliotangulia. Ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba chama kinapongezwa kwa kupunguza gharama za matengenezo ya gari. Sikuuliza gharama hizo zilipunguaje. Nilitazama tarakimu, nikaridhika. Tangu siku hiyo siandiki tena sentensi ya namna ile kabla sijatoka nje na kulizunguka gari.

Tabia hii ilitoka wapi

Yafaa tuelewe kwamba tabia ya kushona na kubandika matairi haikuanza kwa uzembe. Wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha nyingi za kigeni. Matairi na vipuri vilikuwa adimu nchini kote, na mazao yaliweza kukaa ghalani kwa kukosa gari la kuyachukua. Wakati huo tulikuwa na kiwanda chetu cha matairi cha General Tyre kule Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, lakini hakikuweza kutosheleza mahitaji. Katika hali hiyo mtu aliyeshona tairi ili mahindi ya kijiji yafike sokoni alistahili kusifiwa.

Hali hiyo imepita. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na sheria tunayoifuata leo ni ya mwaka 2013. Kiwanda cha Arusha kilisimama mwaka 2009, na kile cha wenzetu wa Nairobi, kilichoanza kwa jina la Firestone, kilifunga uzalishaji wake mwaka 2016. Matairi yanayouzwa madukani sasa ni ya kutoka nchi za nje, ya aina na ubora mbalimbali. Kwa hiyo tatizo letu la leo si kukosa tairi. Tatizo ni kutopanga fedha za kulinunua, na kutojua kulichagua. Ile iliyokuwa busara ya wakati wa shida tumeigeuza kuwa kawaida ya siku zote.

Kwa nini ubavu hauzibwi

Tairi lina sehemu mbili ambazo kila katibu anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni uso wake unaokanyaga barabara, wenye zile kashata na mifereji. Sehemu hii ni nene, na chini ya mpira wake mna matabaka ya kuimarisha. Msumari ukiingia hapo na kuacha tundu dogo, fundi mwenye ujuzi aweza kulivua tairi, akaliziba kwa ndani, na likaendelea na kazi. Kwa tairi la gari dogo, viwanda hupendekeza tundu linalozibwa lisizidi milimita 6.

Sehemu ya pili ni ubavu, yaani kutoka ukingoni mwa kashata hadi kwenye rimu. Ubavu ni mwembamba, nao ndio unaojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Nguvu yake haimo katika mpira unaoonekana kwa nje, bali katika nyuzi za nailoni au za waya zilizofichika ndani. Nyuzi hizo ndizo zinazozuia upepo na kubeba mzigo. Zikikatika, hazirudi kuungana. Kiraka hakina cha kushika mahali panapojikunja namna hiyo, na uzi wa kushonea hutoboa matundu mapya kando ya jeraha la zamani. Pancha ikizibwa hapo, tyubu huzuia upepo kwa muda, lakini tyubu haibebi mzigo. Hutokeza polepole kwenye ufa hadi ipasuke.

Mnajua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ubavu wa tairi, atakayeziba ufa ndiye atakayejenga ukuta. Dawa yake ni kuliondoa.

Ni kweli kwamba viko viwanda vyenye mitambo ya kutengeneza majeraha ya ubavu wa matairi makubwa ya malori, kwa kuweka tabaka la nyuzi na kulipika kwa joto na mgandamizo. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vipimo, wanaoweza pia kulikataa tairi lisilofaa. Haifanani na kazi ya sindano na uzi chini ya mwembe.

Majeraha manne ya kutambua

Katibu hahitaji kuwa fundi ili kuyatambua majeraha haya. Anahitaji macho na dakika kumi za asubuhi.

La kwanza ni uvimbe. Gari likigonga jiwe au ukingo wa shimo, nyuzi za ndani huweza kukatika bila mpira wa nje kuchanika. Upepo husukuma mahali hapo, na nundu hutokea. Tairi lenye nundu liondolewe siku hiyo hiyo, hata kama kashata zake ni mpya kabisa.

La pili ni mkato. Njia zetu za kwenda mashambani zina visiki na mawe makali yanayochana ubavu. Mkwaruzo wa juu juu hauna madhara makubwa. Lakini ukiupanua mkato kwa vidole na ukaona nyuzi au waya, tairi hilo limekwisha kazi.

La tatu ni nyufa nyingi ndogo zinazoletwa na jua na umri. Huonekana sana kwenye tairi la akiba lililoning’inia chini ya gari kwa miaka, nasi hulihesabu kuwa jipya kwa sababu halijatumika.

La nne ni jiwe lililobanwa kati ya matairi mawili ya nyuma yanayokaa pamoja. Hilo hukata mbavu za matairi yote mawili, na dereva aliye mbele halioni. Liondolewe kabla ya safari.

Upepo mdogo ni adui wa ubavu

Majeraha mengi ya ubavu huanzia kwenye upepo pungufu. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja kupita kiasi, hupata joto kali, na nyuzi zake huchoka na kukatika kidogo kidogo. Desturi ya kulipiga tairi teke au fimbo na kusema kwamba liko sawa haitoshi. Chama chenye gari kinunue geji ya upepo. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kufuata kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari kulingana na mzigo. Tairi likishapata joto safarini, upepo wake huongezeka; hilo ni jambo la kawaida, na si sababu ya kuupunguza.

Hapa nawaomba wote mnisikilize kwa makini, hasa vijana wanaofanya kazi ya utingo. Tairi la lori lililotembea likiwa limepungukiwa na upepo kwa zaidi ya sehemu moja katika tano ya kiwango chake lihesabiwe kuwa limetembea bila upepo. Lisijazwe tena hapo hapo. Kwanza livuliwe na kutazamwa ndani. Nyuzi za waya zilizochoka huweza kukatika kwa mfululizo wakati wa kujaza upepo, na ubavu ukafunguka kwa kishindo chenye nguvu ya kumwua mtu. Anayejaza upepo asichutame mbele ya ubavu. Akae upande wa kashata, mbali kadiri mpira wa pampu unavyoruhusu. Kama rimu ni ile yenye ringi ya kubana, ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, maana ringi ikichomoka huruka kama kombora.

Lini tairi limekwisha

Juu ya kashata, mafundi husema tairi limekuwa kipara pale ambapo hata mtoto anaona. Huko ni kuchelewa. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani. Kashata zikilika hadi zikawa sawa na vinundu hivyo, hubakia kama milimita 1.6 tu. Nchi za Ulaya zimeweka kiwango hicho kuwa mwisho wa matumizi kwa magari madogo. Nchini Marekani malori na mabasi hutakiwa kuwa na milimita 3.2 kwenye matairi ya mbele, na 1.6 kwenye mengine. Mnaona kwamba tairi la mbele hudaiwa mara mbili, kwa kuwa ndilo linaloongoza gari.

Kwenye njia zetu za udongo wakati wa masika, hiyo milimita 1.6 ni ndogo mno. Ushauri wangu ni kwamba tairi likifikia milimita 3, Bodi iwe imekwisha kutenga fedha za jipya.

Jambo jingine ni lami. Barabara kuu ya kutoka Kasulu kupitia Kibondo kuelekea Nyakanazi ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Sote tunafurahi. Lakini tairi bovu lililokuwa likitukwamisha matopeni kwa mwendo mdogo, kwenye lami litapasuka kwa mwendo mkubwa. Barabara nzuri hudai tairi zuri zaidi.

Wakati wa kubadilisha

Matairi bora kabisa yawekwe mbele. Matairi mawili ya nyuma yanayokaa pamoja yawe na ukubwa na kulika kunakolingana. Kama moja ni jipya na jingine ni kuukuu, lile jipya hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo. Tairi la waya na la nailoni yasichanganywe kwenye ekseli moja. Tairi lililovikwa mpira mpya kiwandani laweza kufaa nyuma, lisiwekwe mbele. Na tairi kipara lililochongwa kashata kwa kisu cha moto lisipokewe kabisa, kwa maana mchongaji amepunguza mpira mchache uliokuwa ukizifunika nyuzi.

Tairi linaponunuliwa, katibu asome ubavu wake, kwa sababu hapo ndipo penye hati yake ya kuzaliwa. Maandishi 7.50-16 yana maana ya upana wa inchi saba na nusu kwa rimu ya inchi 16. Namba inayofuatiwa na herufi PR huonyesha nguvu ya kubeba. Na mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2318 ni tairi lililotengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kwa namna hiyo hamtauziwa tairi lililozeekea dukani kwa bei ya jipya.

Daftari la matairi

Sasa narudi kwenye kazi yangu. Kila chama chenye gari, trekta au trela kifungue daftari la matairi. Kila tairi lipewe ukurasa wake: namba zilizo ubavuni, ukubwa, tarehe ya kununuliwa na bei, namba ya hati ya malipo, tarehe na kilomita za gari lilipofungwa, mahali lilipofungwa, kila pancha iliyozibwa, na mwishowe tarehe ya kuondolewa pamoja na sababu yake. Pancha ya tatu ya tairi moja katika msimu mmoja iwe ni amri ya kulivua na kulichunguza.

Daftari hili lina faida ya pili. Imewahi kutokea kwamba gari likaondoka ghalani na tairi jipya, likarudi na kuukuu. Bila namba hakuna anayeweza kuthibitisha neno. Tairi lililoondolewa nalo ni mali ya chama. Lirudishwe stoo, likatwe ubavuni ili lisirudi barabarani, kisha liuzwe kwa watengenezaji wa katambuga kwa stakabadhi.

Fedha zitatoka wapi? Tuchukue mfano wa tarakimu rahisi, nanyi mtaweka bei za dukani kwenu. Tuseme tairi moja ni shilingi 600,000, na kwenye njia zetu linakwenda kilomita 30,000. Kila kilomita hula shilingi 20 za tairi moja, au shilingi 120 kwa lori lenye matairi sita. Safari ya kilomita 100, kwenda na kurudi, imekula matairi ya shilingi 12,000, ingawa hakuna hati iliyoandikwa siku hiyo. Chama kisipotenga shilingi hizo, kinajidanganya kwamba kimepata ziada. Na tairi hilo hilo likiharibika ubavu kwa upepo mdogo baada ya kilomita 10,000, kila kilomita imegharimu shilingi 60. Geji ya upepo hulipa bei yake hapo.

Kwa hiyo fungu la matairi liingizwe katika makisio ya mwaka na kuidhinishwa na mkutano mkuu kabla ya msimu kuanza. Dereva akiandika kwamba tairi limejeruhiwa ubavuni, katibu awe na mamlaka ya kulisimamisha gari siku hiyo, bila kusubiri kikao. Vyama vinavyokodi gari navyo havikusamehewa. Kabla ya kutia saini mkataba, katibu alizunguke gari na kutazama matairi yote, pamoja na la akiba. Na mtu yeyote asipande juu ya magunia.

Ndugu zangu wanachama, mkutano mkuu ni wenu. Msiwaulize viongozi wenu tu kwa nini wametumia fedha nyingi kwa matairi. Waulizeni pia kwa nini mwaka huu hawakutumia hata senti. Mimi ningekuwa nimeuliza swali hilo mwaka 2015, pengine kijana yule asingekuwa anachechemea leo.